Aliyepima Maji Kabla Yetu

Kivuko cha Kamanga hakina haraka. Kikishainua mlango wake na kuliacha gati la mjini, Jabali la Bismarck linabaki nyuma kidogo kidogo, vilima vya mawe vya Mwanza vinapungua kimo, na mbele yako upande wa Sengerema unaanza kama mstari wa kijani juu ya maji. Kwa muda huo hakuna cha kufanya. Magari yamezimwa, madereva wameteremka, mama mwenye ndoo ya sato ameketi juu ya mfuniko wake, na kila mtu amekuwa mzigo wa ziwa. Ndiyo maana naendelea kuupenda mvuko huu hata baada ya daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa Juni 2025. Darajani unapita. Kivukoni unakaa na mawazo yako.

Safari moja nilikaa jirani na kijana wa miaka kama kumi na tisa. Simu ameilaza, vidole gumba viwili vinakimbia juu ya kioo. Nikachungulia. Uwanjani Pamba Jiji walikuwa wanacheza na Simba, jezi zao zikifanana na zile tunazoziona uwanja wa Kirumba, na mtangazaji wa Kiingereza akihangaika kwa sauti ndogo.

"Shikamoo, mzee," alisema alipoona nimenogewa.

"Marahaba, mwanangu. Nani anaongoza?"

"Pamba. Moja bila."

"Hilo gemu umelipata wapi?"

"Nimerushiwa na mshikaji wangu."

"Na aliyelitengeneza ni nani?"

Alinitazama kama niliyeuliza ni nani aliyelitengeneza ziwa. "Si Sony, mzee? Hii ni ya PSP."

Jibu lake halikuwa la kijinga. Pembetatu, duara, msalaba na mraba vilikuwa pale kiooni, alama ambazo mtoto wa mjini amezizoea tangu enzi za mabanda ya gemu. Lakini programu aliyokuwa nayo mkononi Sony hawakuiandika. Inaitwa PPSSPP, hujifanya PSP ndani ya simu, na aliyeianzisha ni Henrik Rydgård wa Sweden, ambaye kabla ya hapo alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Dolphin, programu ya kuigiza mashine za Nintendo. PPSSPP ilitoka Novemba 2012. Tangu hapo imerekebishwa na kunyooshwa na watu wengi wa kujitolea, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma. Mashine yenyewe ya PSP iliingia sokoni Japani Desemba 2004. Sony waliacha kuisambaza mwaka 2014, na 2021 wakaziondoa huduma za mwisho za kununua zilizokuwa zimebaki ndani yake. Mashine imekwenda zake. Pamba wanaongoza moja bila kwa sababu kuna watu waliokataa iende na gemu zake.

Kijana alimpa Sony jasho la mtu mwingine kwa kutojua. Swali lililonikaa kichwani mpaka tulipofika ng'ambo, na ambalo sijalimaliza hadi leo, ni hili: je, na kampuni zenyewe hulichukua jasho hilo, zikijua?

Kwanza tuelewane juu ya kinachochukuliwa. Gemu huandikwa kwa ajili ya mashine fulani na huongea lugha ya mashine hiyo tu. Mashine ikifa, gemu linabaki ng'ambo, zima kabisa, ila halina njia ya kuja kwetu. Programu ya kuigiza mashine ni kivuko. Hujifanya ile mashine ya zamani, na kila amri inayotolewa na gemu huitafsiri papo hapo kwa lugha ya simu au kompyuta ya leo. Gari linalovuka Kamanga halijui habari za maji. Magurudumu yake yamesimama juu ya chuma kama yaliyosimama barabarani. Gemu nalo halijui kwamba liko ndani ya simu ya laki mbili. Linadhani liko nyumbani.

Kukijenga kivuko cha namna hiyo ni kazi ngumu. Watengenezaji wa mashine hawaanikii watu siri zake. Mpenzi wa gemu anayetaka kuiigiza hukaa usiku baada ya usiku akiihoji: nikikupa namba hii, utanijibu nini? Nikikupa mbili kwa mpigo? Hata makosa ya mashine sharti yaigwe, kwa sababu kuna gemu lililoandikwa na mtu aliyeyategemea makosa hayo. Ni kazi ya mvuvi anayepima kina cha ghuba kwa kamba na jiwe, mpaka akajua wapi mwamba umejificha pima moja chini ya maji. Hakuna anayemlipa. Anapima kwa sababu analipenda ziwa na anataka kupita.

Sasa turudi kwenye swali. Tarehe 3 Desemba 2018, miaka 24 kamili tangu PlayStation ya kwanza ianze kuuzwa Japani, Sony walitoa PlayStation Classic: mashine ndogo yenye sura ya ile ya zamani, gemu 20 ndani yake, kwa dola 100 kasoro senti moja. Waliofungua ukurasa wa leseni ndani ya mashine hiyo walikuta jina ambalo wapenzi walilijua vizuri: PCSX ReARMed. Hicho hakikuwa chombo cha Sony. PCSX ilizaliwa mikononi mwa wapenzi, ikapita kwa huyu na yule, ikafika kwa Mlithuania anayejulikana kwa jina la notaz. Yeye akainoa ili iende kwa kasi kwenye prosesa ndogo za ARM, za jamii ile ile inayokaa ndani ya simu zetu. Kampuni iliyoijenga PlayStation ilipotaka kuivusha PlayStation, ilipanda chombo kilichojengwa na watu wasio wake.

Ili kuonja uzito wa jambo hilo, rudi nyuma karibu miaka ishirini. Mwaka 1999 kampuni ya Connectix ilitoa programu ya kuchezea gemu za PlayStation kwenye kompyuta za Macintosh. Sony wakaishtaki. Mwaka 2000 mahakama ya rufaa ya Marekani ikaamua kwamba kuichunguza mashine ili kuunda programu yako mwenyewe inayoendana nayo ni matumizi halali. Mwaka uliofuata Sony waliinunua programu ile, na ikatoweka sokoni. Wakati huo huo walikuwa wanaishtaki kampuni nyingine ndogo, Bleem. Bleem nayo haikushindwa mahakamani, lakini gharama za mawakili ziliimaliza, na mwaka 2001 ikafunga milango. Kushinda kesi na kufa njaa ni mambo mawili yanayoweza kumpata mtu mmoja.

Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke. Methali hiyo ilinijia mdomoni nilipoiunganisha 1999 na 2018. Nikajizuia, maana methali ni kama panga: likitoka alani bila mizani, linamkata na asiyehusika. Waliopelekwa mahakamani na waliotumika baadaye hawakuwa watu wale wale. Connectix na Bleem walikuwa wafanyabiashara. PCSX ni programu huria. Na PCSX imetolewa chini ya leseni ya GPL, ambayo kwa maneno yake yenyewe inaruhusu mtu yeyote, hata tajiri, kuichukua, kuibadilisha na kuiuza, ilimradi ataje alikoitoa na aweke wazi msimbo wake. Mlango ulikuwa wazi. Aliyeingia kwa mlango uliofunguliwa haitwi mwizi.

Basi tumwiteje? Hapa Kiswahili kina busara ambayo nimekuja kuithamini zaidi kadiri umri unavyosogea. Sisi hatuchanganyi kuazima na kukopa. Ukiazima jembe la jirani, unarudisha jembe lile lile, na ukilivunja mpini unalitia mpini mpya kabla ya kulipeleka. Ukikopa kibaba cha unga, unga ule utaliwa. Unachorudisha ni kibaba kingine, na mwenye adabu hujaza mpaka kikafanya kichuguu. Msimbo wa programu haufanani na jembe wala unga. Ukiuchukua, mwenyewe anabaki nao wote. Huna cha kurudisha, kwa kuwa hakuna kilichoondoka. Ndipo mtu anapojidanganya kwamba hana deni.

Waandishi wa GPL waliliona hilo mapema, na leseni yao, ukiitazama kwa jicho letu, ni sheria ya kibaba. Umechukua unga wetu? Pika, kula, uza maandazi ukipenda. Lakini ukiuboresha na kuwagawia wengine, lete kibaba chako hapa jikoni ili anayekuja baada yako naye apate. Deni halilipwi kwa aliyekukopesha peke yake. Linalipwa kwa jiko zima. Ni desturi tunayoijua. Mkulima wa Usukuma aliyesaidiwa kulima na kikundi cha jirani zake halipi kila jembe kivyake. Zamu ya mwenzake ikifika, naye anakwenda.

Kwa kipimo hicho, Sony wa 2018 walikuwa ndani ya sheria, na nawapa haki yao. Kinachonisumbua mimi kiko nje ya sheria. Jina lililokaa juu ya boksi lilikuwa la kampuni. Majina ya waliopima maji yalikaa kwenye ukurasa ambao mnunuzi wa kawaida haufungui. Halafu chombo chenyewe kilitumiwa bila mapenzi. Karibu nusu ya gemu zile 20 ziliwekwa katika matoleo ya Ulaya, yanayokwenda kwa picha 50 kwa sekunde badala ya 60, na waliozicheza utotoni walihisi mara moja kwamba miguu ya wachezaji imekuwa mizito. Mpenzi asingefanya kosa hilo. Siku chache baada ya mashine kutoka, wapenzi wakaifungua, wakapata njia ya kuingiza gemu nyingine, na programu waliyoiandika kwa kazi hiyo wakaiita BleemSync. Jina la kampuni iliyokufa 2001 likarudi kukaa ndani ya mashine ya yule aliyeishtaki. Mahakamani hakuna hukumu ya namna hiyo. Ni kumbukumbu, na kumbukumbu ina subira ndefu.

Hata hivyo kumbukumbu nayo inahitaji uadilifu, isigeuke uvumi. Mfano wa Nintendo umenifunza hilo. Katika gemu la Super Mario Bros. lililouzwa kwa mashine ya Wii, watafiti walikuta mwanzoni mwa faili alama fupi inayoanza na herufi N, E, S. Alama hiyo ni ya iNES, muundo wa faili za gemu za NES, mashine ya zamani ya Nintendo, uliotungwa na mpenzi mmoja, Marat Fayzullin, katikati ya miaka ya 1990. Mwaka 2016 mwanahistoria wa gemu Frank Cifaldi aliionyesha hadharani, na habari ikaenea kama moto wa nyika: Nintendo, adui mkubwa wa programu za kuigiza, amepakua gemu lake mwenyewe mtandaoni na kutuuzia tena! Ilikuwa hadithi tamu. Baadaye yakaja maelezo yaliyotulia zaidi: Tomohiro Kawase, aliyeshiriki katika mambo ya iNES alipokuwa mpenzi, aliajiriwa na Nintendo, na huenda kampuni ilikuwa ikifungasha gemu zake yenyewe kwa muundo ule alioujua. Alama ya mguu mlangoni haisemi kama aliyepita ni mwizi au ni mwana wa nyumba. Tena mashine ndogo ya NES ambayo Nintendo waliitoa 2016 ilitumia programu iliyoandikwa na watu wao wenyewe, tawi lao la Paris. Tukitaka kampuni zituhukumu kwa haki, na sisi tuzihukumu kwa haki.

Lakini ona kilichobaki hata baada ya kumwondolea Nintendo shaka ya wizi. Kama maelezo yale ndiyo sahihi, basi ujuzi wa mpenzi uliingia kiwandani kwa miguu yake mwenyewe, ukavaa sare, ukapewa mshahara, huku kampuni ikiendelea kutangaza kwamba programu za aina ile ni hatari kwa ubunifu. Inawezekana kufaidika na kisima huku ukiwakemea waliokichimba. Sheria haina la kusema hapo. Utu unalo.

Kuna pia pale ambapo mlango haukuwa wazi. Mwaka 2019 ilitangazwa mashine ya Capcom Home Arcade, yenye gemu 16 za zamani za Capcom, ikitengenezwa na Koch Media. Ndani yake ilikuwa FinalBurn Alpha, programu ya wapenzi ambayo leseni yake ilikataza biashara. Mmoja wa waliohusika nayo kwa miaka mingi alitoa kibali. Wenzake walisema hawakuulizwa, ilhali mistari yao nao ilikuwa humo. Kundi likavunjika, waliotoka wakaendelea na kazi kwa jina la FinalBurn Neo. Nimeona mambo haya kwenye urithi wa shamba: mtoto mmoja anauza, ndugu wanasikia kwa jirani. Kampuni inaweza kuwa na karatasi yenye saini na bado ikawa imevunja nyumba. Anayechukua kazi ya ushirika ana wajibu wa kuuliza, "Na wengine wako wapi?"

Na ili nisionekane naona giza tupu, kuna mahali ambapo heshima ilifanyika mchana kweupe. Christian Whitehead alikuwa shabiki wa Australia aliyeunda kwa mikono yake njia ya kuziendesha upya gemu za zamani za Sonic. Sega wangeweza kumpelekea barua ya wakili. Wakampa kazi: mwaka 2011 akatengeneza upya Sonic CD, na mwaka 2017 yeye na mashabiki wenzake wakaunda Sonic Mania. Jina lake likasemwa wazi, na mashabiki wakalipokea gemu lile kama lililoandikwa na mtu wa nyumbani, maana ndivyo lilivyokuwa. Kampuni haikupungukiwa na kitu. Kumtaja mtu hakukupunguzii pato.

Tuwatendee haki pia wanaozitengeneza gemu. Mwaka 2024 Nintendo waliwashtaki watengenezaji wa Yuzu, programu iliyoigiza mashine yao iliyokuwa bado sokoni, na kesi ikaisha kwa Yuzu kukubali kulipa dola milioni 2.4 na kufunga. Malalamiko yao yalikuwa kwamba gemu jipya kabisa la Zelda lilipakuliwa zaidi ya mara milioni moja hata kabla ya siku ya kuuzwa. Sioni jinsi ya kulipuuza hilo. Waandishi, wachoraji na watunga muziki waliokaa miaka kwenye kazi ile wana watoto wanaokula. Kuvusha kilichoachwa ufukweni na mwenyewe ni kitu kimoja. Kupakia mizigo ya mtu aliyesimama pale pale akiiuza ni kingine.

Ila vilivyoachwa ufukweni ni vingi mno. Mwaka 2023 taasisi ya Video Game History Foundation ilitoa utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotolewa Marekani hazipatikani tena kwa njia ya kawaida ya kununua. Kama si watu wa kupima maji usiku, sehemu kubwa ya kazi hizo isingepita kuja kwetu kwa namna yoyote. Na kampuni zinapoamka siku moja na kutaka kuziuza tena, zinakuta njia imeshapitwa, miamba imeshawekewa alama, na watoto waliozaliwa baada ya mashine kufa wanayajua majina ya wahusika. Soko lenyewe lilitunzwa na hao hao wanaoitwa wezi.

Nikirudi mjini kutoka Kamanga hupenda kupita Makoroboi. Mtaa huo umepata jina kutokana na koroboi, taa ndogo za mafuta ya taa ambazo mafundi wetu walizitengeneza kwa makopo yaliyotupwa. Kopo lilikuja na chapa ya kiwanda, likamaliza kazi yake, likatupwa. Fundi akaliokota, akalikata, akalitia utambi, likamulika chumba ambacho mtoto alisomea. Hakuna mwenye kiwanda aliyewahi kulalamika kwamba kopo lake linaangaza. Sasa hebu tuchukulie kiwanda kije Mwanza, kilitazame koroboi, kipende umbo lake, kikatengeneze mengi kwa mtambo na kuyauza madukani kama kumbukumbu ya maisha ya kale, kwenye boksi zuri lenye jina la kiwanda. Fundi aliyekaa Makoroboi miaka arobaini atajisikiaje? Hatasema ameibiwa. Bati halikuwa lake. Atasema neno dogo zaidi, na kwangu ndilo zito: "Wangesema tu."

Wangesema tu. Hilo ndilo deni lote. Kusema nani alitangulia kupima maji, mahali ambapo msomaji ataona, kwa sauti ile ile inayotumika kutangaza bei. Na pamoja na kusema, kuacha kumtukana mtu mchana na kutumia kazi yake usiku. Nguo ya kuazima, wahenga walisema, haisitiri maungo: siku moja upepo wa ziwa utavuma na watu wataona ni ya nani.

Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimenyoosha kidole kuvuka bahari huku mkono wangu una matope. Nilicheza gemu utotoni katika banda la mtaani, televisheni moja, pedi mbili, benchi la watu wanaongoja zamu. Mashine ilikuwa imefunguliwa na fundi ili isome CD za kuchoma, na CD zenyewe zilikuwa nyeupe, jina limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Sikumbuki hata mara moja nikijiuliza ni nani aliyeliandika gemu lile, wala ni fundi gani aliyeifundisha mashine kusoma alichokatazwa. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, nasi hukumbuka kuwa ipo pale msanii wetu anapoibiwa wimbo. Wimbo ukirushwa kutoka simu kwenda simu, filamu ikiingizwa kwenye memori kadi kwa mia chache, hatuulizi. Umaskini unaeleza mengi katika hayo, na sitamlaumu mtoto asiye na njia ya kulipa. Ila kutaja jina hakuna bei. Hata asiye na senti anaweza kusema, "Hii ni kazi ya fulani." Tajiri na maskini wanakutana hapo wakiwa sawa kabisa, na wote wawili mara nyingi tunashindwa.

Haya niliyawaza kwa miezi mingi baada ya safari ile. Siku yenyewe nilikuwa na muda mdogo, kwa sababu ufuko wa Kamanga ulishakaribia na madereva walikuwa wanarudi kwenye magari yao. Nikamwambia kijana, "Simamisha kidogo mechi yako. Rudi mwanzo kabisa wa hiyo programu, uone pale palipoandikwa Credits." Akafanya hivyo, kwa heshima zaidi kuliko kwa hamu. Majina yakaanza kupanda kiooni, moja baada ya jingine.

"Hawa wote wanalipwa, mzee?"

"Wengi hawalipwi kitu."

Akanyamaza. Majina yaliendelea kupanda, naye hakugusa kioo. Mlango wa kivuko ukaanza kushuka, mama wa sato akasimama na kujitwisha ndoo yake. Kijana akaangalia tena jezi za Pamba zilizokuwa zimesimama katikati ya uwanja, zikimngoja.

"Sasa na huyu aliyetuwekea Pamba humu ndani," aliuliza, "mbona jina lake halimo?"

Sikuwa na jibu. Kuna kijana mahali fulani katika nchi hii aliyekaa usiku akichora jezi hizo nukta kwa nukta ndani ya gemu la zamani la Wajapani, ili watoto wa Mwanza wajione wakicheza ligi yao wenyewe. Simu kwa simu kazi yake imefika hadi katikati ya Ghuba ya Mwanza, na jina lake limedondoka majini njiani.

"Nitamuuliza aliyenirushia," alisema kijana, akiweka simu mfukoni. "Naye amuulize aliyemrushia yeye."

Kisha akateremka na kushika njia ya Sengerema.